Koili ya Silinda ya Pili

Jumatatu. Gari lilianza kukohoa nikitoka Migori kwenda Rongo. Taa ya injini iliwaka, kisha ikaanza kupepesa. Ikiwaka tu, mtu hujikaza akafika. Ikipepesa, petroli isiyoungua inamiminika kwenye ekzosi na kuharibu kifaa cha bei ghali. Niliegesha. Probox iliyojaa ilinipita, na abiria aliyekalia buti akanipungia mkono kwa huruma.

Jumanne. Gereji, Migori. Magari yalipanga foleni. Bodaboda nazo zilikuwa na yao, na foleni yao haikuwa na mkia. Zamu yangu ilipofika, fundi alitaka kuchomoa koili moja moja injini ikinguruma, "tusikie ni gani, mwalimu." Koili huchukua volti 12 za betri ikazipandisha hadi volti 20,000 na zaidi. Nilikataa kwa heshima zote. Akasema babake alichomoa waya za plagi hivyo hivyo enzi za Peugeot 504. Nikauliza kama mzee hajambo. Hajambo, ila ule mkono.

Jumatano. Kupima kwa mashine. Mashine hupata umeme kwa gari lenyewe, lakini simu ya kusomea majibu haikuwa na chaji, na stima ilikuwa imepotea mjini kote. Ilirudi jioni. Jibu: P0302, yaani silinda ya 2 haichomi. Kama mkosaji ni koili, plagi au kitu kingine, mashine haisemi. Nililipa hata hivyo.

Alhamisi. Nikasikia Homa Bay kuna mama fundi mwenye kipima cheche. Nilivutwa kwa kamba na pikapu ya omena iliyokuwa ikirudi tupu. Omena zilikuwa zimeshuka. Harufu haikushuka.

Mama alizima injini, akachomoa ufunguo, akafungua kichwa hasi cha betri na kuacha injini ipoe. Spana namba 10 haikuonekana. Kijana alitumwa kuiazima kwa jirani, ambaye alikuwa ameiazima kwetu. Ilipopatikana, koili ya 2 na ya 3 zikabadilishana nafasi. Betri ikarudishwa, injini ikawashwa, na mashine ikasoma P0303. Hatia ilikuwa imemfuata mshtakiwa hadi makazi yake mapya.

Bado hakuridhika. Alichomoa soketi za injekta ili petroli isimwagike, akabana kipima cheche kwenye chuma cha injini, akatuamuru sote tuondoe mikono. Kijana akapiga stata. Koili tatu zilitoa cheche nyeupe ya samawati, pwaa! Ile mshtakiwa ilitoa kitu cha manjano, tena kwa kusitasita. Mimi nilikuwa nimesimama mbali sana, karibu na choo.

Ijumaa. Koili ilipatikana. Plagi hazikupatikana. Zile za zamani zilikuwa zimeliwa, pengo limepanuka kupita milimita 1.1, na pengo likipanuka koili hujitutumua hadi ife. Plagi mpya zilitumwa kutoka Kisumu kwa matatu. Zilishuka Oyugis, na mzigo wa mtu mwingine.

Jumamosi. Plagi zimefika. Silinda zote zinachoma. Redio, kwa kuwa betri ilifunguliwa, sasa inadai namba ya siri kwa Kijapani. Fundi wa redio yuko matangani hadi Jumatatu.