Mtagata Haina Luku

Chemchemi ya Mtagata, kule Kyerwa, ilikuwa ikijichemkia bure enzi za Omukama (mfalme) Rumanika. Mpelelezi Stanley alipofika mwaka 1876 aliwakuta wagonjwa wamejaa, wanaoga na kunywa. Naye akaoga, akanywa, kisha akaandika kwamba wenye magonjwa ya ngozi walikuwa wanaponywa na usafi tu. Mzungu na kiburi chake! Sisi wajukuu tumemkomoa: tunaingia na upele, tunatoka tumeacha vipande vya sabuni, chupa za plastiki na soksi moja isiyo na mwenyewe. Maji yanapashwa moto na ardhi, hayaulizi luku ya umeme wala kadi ya bima. Ndugu yangu, umetibiwa bure. Hata soksi yako inakushinda kubeba?