Vanila Kwenye Kanzu ya Kwanjula

Anayekaa Bwaise huweka vitu vyake juu. Mtaa wetu umejengwa kwenye bonde la kinamasi cha Lubigi, kaskazini mwa Kampala, na mvua ikinyesha vilimani sisi ndio tunaoipokea. Vizingiti vya milango tumevijengea saruji karibu na goti, vitanda vinakaa juu ya matofali mwaka mzima, na mitaro ikifurika usiku kila nyumba hupandisha: unga mezani, viatu dirishani, vyeti vya watoto juu ya kabati. Ndiyo maana kanzu nyeupe ya shemeji yangu na chupa ya marashi zikalala pamoja juu ya kabati usiku wa kuamkia Ijumaa, na Jumamosi yake ndiyo ilikuwa siku ya kwanjula, tumpeleke kijana Masaka akatambulishwe kwa wazazi wa binti.

Chupa hiyo aliituma wifi yangu kutoka Dubai, anakofanya kazi za ndani. Ni marashi ya kike ya matunda na vanila, harufu ambayo imeenea sana kwetu tangu kampuni ya Lattafa ya Dubai ilipotoa Yara mwaka 2020, yenye chenza, matunda ya nchi za joto na vanila. Yetu ilikuwa nyingine, ya jina dogo, chupa ya rangi ya waridi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimelelewa kwa udi na asumini, na riziki yangu naipata kwa kuuza matunda soko la Kalerwe. Marashi ya matunda siyapokei kwa maneno ya kwenye boksi.

Ukipuliza tu, linatoka chenza, halafu nanasi lililoiva sawasawa, kama yale ya Kayunga ambayo mteja akiyanusa hapunguzi bei. Chini yake kuna bogoya. Harufu hiyo ya ndizi si ya kubuni: inatokana na isoamili asetati, kemikali iliyomo kwenye ndizi mbivu, na nyuki nao huitoa wanapoitana kuuma. Kwangu jambo hilo si la vitabuni, kwa sababu juu ya rundo la mananasi nyuki hawakosi. Kwa hiyo siku za kazi nilijipuliza kabla ya chai, matunda yakaondoka nikiwa bado nyumbani. Huondoka upesi, maana chembe zake ni nyepesi, na chini ya bati letu la Bwaise joto huzifukuza mapema zaidi.

Kinachobaki ni vanila, na hapo ndipo marashi ya kila siku hupimwa. Dakika ya kwanza dukani kila marashi ni mazuri. Mimi huuliza saa kumi jioni yakoje, mwili umetoka jasho, umebeba masanduku, umebanwa kwenye taksi ya abiria 14 na madirisha yamefungwa kwa mvua. Haya yalibaki ya upole. Hayakumfunika jirani yangu kwenye kiti, wala hayakugeuka uchungu kwenye jasho. Mwanamke anayepita kando ya mtaro uliojaa taka kila asubuhi anastahili kitu kizuri cha kunusa kwenye ukosi wa nguo yake mwenyewe. Hilo silichukulii kama anasa.

Sasa turudi kabatini. Usiku wa manane, katika ile pandisha-pandisha, sufuria kubwa iliteleza ikaiangukia chupa shingoni. Mlio hatukuusikia kwa kelele za mvua kwenye bati. Asubuhi maji yalikuwa yamepungua, sakafuni pana tope la mtaro na hewani pana harufu ya keki. Chenza na nanasi havikuwepo tena. Mume wangu alishusha mfuko wa kanzu, akaukunjua, akanyamaza: ubavu wote wa kulia, kutoka kwapani hadi pajani, ulikuwa na doa la rangi ya asali.

Kanzu ililetwa Buganda na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, na Waganda wakaifanya yao kabisa, na darizi ya rangi ya damu ya mzee kifuani. Kijana hawezi kuingia kwa wakwe na kanzu yenye doa. Ya kuazima ilikuwepo kwa jirani, lakini shemeji yangu ni mrefu, ikamwishia katikati ya miguu.

Ssenga wa kijana, shangazi yake aliyekuja kumsindikiza, alikunja mikono akaanza kufua kwa sabuni ya mche. Alifua kwa nguvu na kwa mapenzi. Doa likageuka njano kali, likawa linaonekana kutoka mlangoni. Sabuni ya mche ina magadi, na vanilini, yaani kiini cha harufu ya vanila, ikikutana na magadi hugeuka njano. Ssenga akaomba jiki. Hapo mama mkwe, aliyekuwa amekaa kimya kitandani miguu ikiwa juu ya tope, akainuka.

“Jiki itaila darizi,” alisema. “Nipeni ninuse.”

Mama mkwe ni mkulima wa vanila kule Kayunga. Ameizoea tangu ua, ambalo hufunguka asubuhi moja tu na lazima lichavushwe kwa mkono asubuhi hiyo hiyo, kwa kijiti chembamba, kwa njia aliyoigundua Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Baada ya ua ni miezi tisa ya kungoja. Vanila zikikaribia kukomaa watu hulala shambani kwa hofu ya wezi, na mavuno mabichi hayana harufu. Harufu huja kwa kuchemshwa kidogo, kufunikwa kwa blanketi, kuanikwa na kufunikwa tena kwa miezi, mpaka kilo tano au sita mbichi zibaki kilo moja kavu, nyeusi, laini kama ngozi.

Alinusa mara mbili. “Hii ni ya kiwandani.”

Alisema kweli. Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walitengeneza vanilini mwaka 1874 kutokana na utomvu wa miti jamii ya msonobari, na mwaka 1889 Guerlain wa Paris akaitumia katika marashi ya Jicky. Mume wangu alipomweleza mama yake hayo, akajibu, “Msonobari haulindwi usiku.” Sijasikia mtu aliyeeleza vizuri zaidi kwa nini marashi ya vanila yanaweza kuuzwa kwa bei tunayoimudu.

Lakini kiini ni kile kile, na mama mkwe anakijua kwa mikono. Blanketi zake za vanila zina madoa ya kahawia ambayo miaka ya kufua haijayatoa. “Vanila haiogopi maji,” alisema. “Inaogopa pombe.” Ndivyo ilivyo: vanilini huyeyuka kwa shida kwenye maji baridi na kwa wepesi kwenye pombe. Maji yalikuwa bado yamefunika njia ya kwenda duka la dawa kununua spiriti. Jirani anayepika waragi, pombe kali ya kienyeji, alikuwa hatua chache tu, naye mitungi yake ilikuwa juu, salama.

Kwanza tuliisuuza kanzu mpaka povu likaisha. Kisha maji ya ndimu, ili kuua magadi ya sabuni, na ile njano kali ikafifia mbele ya macho yetu. Kisha waragi: kitambaa safi chini ya doa, kingine kilicholowa juu, unagonga-gonga bila kusugua, unabadilisha kitambaa, unaanza tena. Sigiri ilikuwa ndani ikiwasha mkaa wa pasi. Mama mkwe alipiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwake, watoto wakatolewa nje, sigiri ikafuata. Mvuke wa pombe na moto katika chumba kimoja ni msiba, na kwa sekunde chache kanzu haikuwa na maana yoyote.

Ssenga alikuwa na hofu nyingine. “Mtoto wetu ataingia kwa wakwe ananuka kilabu!”

Tukaianika kivulini mlangoni, upepo ukaipita mchana kutwa. Jioni waragi ilikuwa imekwenda. Lilibaki doa hafifu, dogo kuliko kiganja, chini ya kwapa, mahali koti hufunika. Na vanila ilikuwa bado imo kwenye uzi. Masaka, dada wa binti alipoinama kumbandika kijana ua kifuani, alimuuliza kwa sauti ya chini ni marashi gani hayo.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanawake wa sokoni wanaoniuliza ni hili: nunua. Paka kwenye ngozi, si kwenye nguo, na kwenye nguo nyeupe kamwe, hata kama marashi yanaonekana kama maji, kwa maana vanilini huzidi kuiva rangi kwa hewa na mwanga. Chupa iweke gizani, mbali na bati. Usijiongezee mchana kwa sababu wewe huyasikii tena. Pua yako imeyazoea, za wenzako bado.

Wifi ameagizwa chupa mbili safari hii. Ya pili ni ya mama mkwe, naye ametuma na swali: hao wenye viwanda vya marashi huko Dubai, vanila ya kweli wanainunua kilo kwa bei gani?