Adabu Si Kunyamaza

Hapa Waa, kando ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, ikifika jioni kijiwe hakina kazi ila kusonya. Watoto wanapita na sare zao, mikoba mgongoni, wawili wanasukumana, mmoja anapiga mbinja. Basi! "Mnawaona? Hawaamkii mtu!" Huyu anasonya, yule anatikisa kichwa, muuza kahawa anasema zamani mtoto angekuja mpaka hapa, atoe shikamoo, ashike mkono wa mzee, ndipo aende zake. Halafu lawama zote zinatupiwa shule. Ati walimu. Ati mtaala wa CBC.

Na mimi nasonya, ila kwa jambo jingine.

Huo mtaala wa umilisi tunaoulaani ulianza madarasani Kenya nzima Januari 2019, kuchukua nafasi ya 8-4-4, na maadili umeyataja moja moja: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki, uadilifu. Mawasiliano na ushirikiano umeyaweka katika umilisi wa kwanza anaotakiwa mtoto kuwa nao. Kwenye karatasi hakuna kilichosahauliwa. Lakini mwalimu ana darasa limefurika, na mtoto akitoka shule anaingia chuoni kwa ustadh, akitoka chuoni anarudi kwetu. Kwetu anasikia nini? Matusi ya bao, dereva wa boda akimfokea mama wa watu kwa sababu ya shilingi ishirini, baba akimwambia, "Sema sipo," simu ikilia. Mwalimu atafundisha uadilifu wa kushinda hayo yote?

Juzi, pale kwa mama wa viazi karai, vijana wawili wa gredi ya 4 walikuwa wakigombea kusimama mbele. Mmoja akamsukuma mwenzake, viazi na ukwaju wake vyote vikaenda mchangani. Msukumaji akageuka atimue mbio. Mzee mmoja wetu akamdaka shati, mkono juu: "Huyu ni wa kuchapwa!" Mama wa viazi akaweka mwiko chini. "Muache, baba. Wewe mwanangu, njoo hapa. Muangalie mwenzio usoni." Kijana akaangalia vidole vyake vya miguu. Tukangoja. Sauti ikatoka ndogo: "Nisamehe." "Akusamehe nini?" "Nimekumwagia viazi." Mama akamgeukia wa pili: "Nawe unasemaje?" Mtoto akafuta pua, akasema, "Nimemsamehe, lakini nataka viazi vyangu."

Huyo wa pili ndiye aliyenishangaza. Hakupiga, hakulia, hakununa, wala haki yake hakuiacha. Wangapi hapa kijiweni, wenye ndevu na wajukuu, tunaweza hilo? Tuna ndugu hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Msukumaji aliosha sahani za mama mpaka zikaisha, wakapewa viazi wote wawili, wakaondoka wamoja.

Mzee wetu hakuridhika. Kwake yeye watoto waliharibika siku kiboko kilipotolewa shuleni. Kiboko kilipigwa marufuku 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekifanya kosa la jinai. Namheshimu mzee, lakini hapa sikubaliani naye. Kiboko kilitufundisha kutoonekana. Tuliiba maembe vilevile, tukajua tu njia ya kupitia. Angechapwa yule kijana, angejifunza kukimbia mapema zaidi, na neno "nimekumwagia" lisingetoka kinywani mwake.

Tena kuna kubwa zaidi, na hili tunalipita kimya kimya. Kutoka hapa mpaka Diani ni safari fupi ya matatu. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya walitoa ripoti juu ya watoto wanaonunuliwa kwa ngono katika Pwani yetu, Diani ikiwemo, na wanunuzi hawakuwa watalii pekee. Wakenya walikuwemo, tena wengi. Sasa niambieni, mtoto tuliyemlea kwamba mkubwa hajibiwi, mkubwa hakataliwi, ukiitwa unakwenda, ukitumwa unatii, siku mkubwa mbaya akimwita atamkatalia kwa ulimi upi? Nyumbani akiuliza "kwa nini" anaambiwa ana mdomo. Akisema hataki kwenda kwa fulani anaambiwa hana adabu, na hakuna anayekaa naye kumuuliza huyo fulani ana nini. Hapo ndipo msonyo wangu unapotokea. Mtoto mwenye tabia njema aamkie, ndiyo, ashukuru, aombe radhi. Pia aweze kusema sitaki, na akisema, mkubwa asimame.

Na acheni wacheze! Nenda uwanjani uwatazame wakicheza kati. Refa hakuna. Mmoja anasema mpira umemgusa, mwingine anaapa haukumgusa, wanabishana, wanapatana, mchezo unaendelea, kwa sababu asiyekubali kupatana kesho haitwi. Kwenye kibe mdogo anapewa nafasi ajifiche vizuri. Haya hakuna kitabu kinachoyatoa. Lakini sisi tunachukua Jumamosi ya mtoto na likizo yake tunampeleka tuisheni, ingawa sheria ileile ya 2013 imekataza tuisheni ya likizo, halafu akikosa kujua kuishi na wenzake tunashangaa.

Kitu kimoja kinanipa moyo. Tangu sekondari ya msingi iwekwe ndani ya shule za msingi mwaka 2023, kiwanja kimoja kina mtoto wa miaka sita na kijana wa kumi na tano. Wengi waliogopa uonevu, na uonevu upo, tusidanganyane. Ila asubuhi nawaona wale wakubwa wakiwashika wadogo mkono kuvuka barabara hii ya malori, wakingoja mpaka wa mwisho avuke. Mwalimu anayewapa wakubwa kazi ya namna hiyo, badala ya kuwagombeza tu, anastahili asante yetu.

Kwa hiyo wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa steji ya boda: kesho watoto wakipita, tuanze sisi kuwaamkia, kwa majina yao. Akikosea mmoja, aitwe aseme alilofanya. Akija na neno zito, asikilizwe mpaka mwisho, na asiambiwe anasema uongo. Likitushinda, namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116. Haina malipo, na inapokelewa usiku na mchana.