Gramu 150 za Samaki

Simu yangu inanuka vibua. Nimeifuta kwa ndimu, nimeifuta kwa spiriti, mke wangu akaifuta kwa dawa aliyokataa kuitaja, na bado nikiiweka sikioni najiona nimesimama mnadani. Dalali wa soko la samaki la Feri amenipachika jina la Anko Simu. Jina lenyewe limeshavuka na kivuko: jana nimeshuka Kigamboni na shughuli zangu, kijana wa bodaboda nisiyemjua akaniita kwa mbali, "Anko Simu, wale vibua wameisha?"

Hawajaisha.

Kilichonipeleka Feri ni mpango wa mlo ulioandikwa na akili mnemba. Niliiandikia kwamba presha imepanda, nakaa Dar es Salaam, nipangie chakula cha afya cha wiki nzima. Sijaweka simu mezani, jedwali likawa tayari. Jumatatu: samoni wa kuoka kwenye oveni, nyuzijoto 200, na kwinoa na brokoli pembeni. Jumanne: mtindi wa Kigiriki na matunda ambayo sijawahi kuyaona hata kwenye picha za boksi la juisi. Nikaandika: samoni hatuna, sisi tuna Feri. Ikajibu kwa bashasha, "Uko sahihi kabisa, asante kwa kunikumbusha!" Ikamwondoa samoni, ikamweka sato wa Bahari ya Hindi. Sato, mtoto wa Ziwa Victoria! Nikalalamika tena, ikanipongeza tena, na safari hii ikaweka minofu ya jodari, gramu 150, mtu mmoja.

Hapa naomba mnivumilie, maana jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi imeninyima usingizi. Nilidhani mle ndani mna ghala la majibu, mtu anauliza, jibu linachotwa. Hakuna ghala. Mashine imelishwa maandishi ambayo binadamu hawezi kuyamaliza hata akizaliwa mara kumi, kisha ikafundishwa kazi moja kubwa: ukionyeshwa maneno haya, kisia kipande kitakachofuata. Si neno, ni kipande. Maneno hukatwa kwanza, na kila kipande hugeuzwa kuwa safu ndefu ya namba, na vipande vinavyotumika kwa namna inayofanana kwenye maandishi hujikuta namba zao zinakaa jirani. Maneno ya Kiingereza hukatwa kwa staha, mengi hubaki mazima. Neno kama "wanatukaangia" hufika limechanguliwa, kwa sababu mashine imekutana nalo mara chache. Halafu kila kipande hugeuka kuwatazama wenzake waliotangulia ili kijue hapa tunazungumza nini, mbinu ambayo watafiti wa Google waliijengea muundo mzima mwaka 2017, na ndiyo iliyoibeba ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote Novemba 2022. Mwisho kabisa, na hili ndilo lililonimaliza, mashine haichukui kila mara kipande chenye nafasi kubwa kuliko vyote. Inabahatisha kidogo, kwa makusudi. Ndiyo maana ukiuliza swali lile lile mara mbili unapata Jumatatu mbili tofauti.

Kwa hiyo samoni hakuja kwa ubaya. Kwenye maandishi mengi iliyolishwa, samaki akitajwa karibu na afya, anayefuata ni samoni. Vibua hawajaandikwa sana. Wameliwa tu.

Basi asubuhi nikateremka Feri na mfuko wa kitambaa, maana ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na nikauchagua mdogo, wa kuenea gramu 150.

Soko lile lilijengwa kwa msaada wa Japani, liko pale Magogoni, hatua chache kutoka Ikulu, na halina habari na gramu. Samaki wa boti wanamwagwa kwa mafungu, kwa beseni, kwa tenga. Dalali anasimama juu yao, wanunuzi wanamzunguka: wachuuzi, mama lishe, wakaanga samaki, watu wa hoteli wenye viatu visivyotaka kuloana. Bei inaanzia chini inapanda, na anayepiga kelele ni dalali peke yake. Wazoefu hawafungui mdomo. Mmoja anainua kidevu, mwingine nyusi. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiongeza bei kwa kuacha kutafuna. Dalali anawaona wote. Anajua nani ana oda ya harusi, nani jana alirudi na mzigo, nani anajifanya anaondoka, na kutokana na hayo anakisia namba itakayofuata. Ni kazi ile ile ya mashine, ila yeye ana macho.

Sikuwa na nia na vibua. Nilisimama pale kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, nikitaka kusoma jina la samaki wangu, na mtandao ukawa unayumba. Nikanyanyua simu juu kuutafuta.

"Sitini na tano, Anko mwenye simu!"

Nikaitikisa, jedwali halijafunguka.

"Sabini! Anko kaongeza mwenyewe!"

Watu wakageuka. Nikabaki na mkono juu, maana nilihisi nikiushusha napo nitakuwa nimesema kitu. Dalali akatazama kushoto, akatazama kulia, hakuna aliyetaka kushindana na mtu wa aina yangu, akafunga mnada. Beseni la vibua, limejaa hadi ukingoni, shilingi 70,000. Yule mama akaanza kutafuna tena. "Toka nizaliwe," akasema, "sijaona mtu anashindana na nafsi yake halafu anashindwa."

Nikajaribu kueleza. Nikasema mimi nilifuata jodari, minofu, gramu mia na hamsini. Pakawa kimya. Kijana wa kupara samaki akaniomba nirudie ili mwenzake naye asikie. Nikarudia. "Za mgonjwa?" akauliza mmoja. "Mwacheni jamani," mzee mmoja akanitetea, "mwenzenu ana paka." Nikaomba basi bei ya kwanza, ile ya 65,000. Dalali akaniwekea mkono begani kwa upole mkubwa. Mnadani, akasema, neno likitoka halirudi, hata kama limetoka kwenye simu. Nikalipa kwa simu hiyo hiyo, na makato juu.

Nikaketi kwenye ukingo wa zege na beseni langu, nikaieleza mashine yaliyonikuta. "Hongera!" ikaandika. "Vibua ni chaguo bora sana. Wana mafuta ya omega-3 yanayosaidia moyo." Na kweli wanayo, ni samaki wa mafuta kama alivyo samoni. Sasa kwa nini hukusema tangu mwanzo? Umenitembeza kwenye ziwa na kwenye nchi za barafu, kumbe jibu lilikuwa linauzwa kwa fungu hapa hapa! Na si kwamba habari za vyakula vyetu hazijaandikwa kabisa. Mwaka 2008 Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Harvard walitoa majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania, kitabu kizima, kwa Kiingereza. Kazi ya miaka ya watu wanaojua dagaa na mchicha, na mle kwenye mashine inazamishwa na mapishi ya samoni ya mtu aliyeko Chicago.

Mpango ule ulitungwa kwa mtu mwenye mizani, oveni na friji, anayekula peke yake. Nyumbani kwangu kuna sinia moja na mikono mingi. Gramu 150 za nani? Nani anapima tonge la mtoto mwenye njaa? Na anayetakiwa kupika chungu changu kisicho na chumvi pembeni ya chungu cha familia hakuulizwa, wala na mashine wala na mimi.

Wala sikuikimbilia simu kwa kupenda makuu. Kliniki nilipanga foleni tangu alfajiri, na nilipofika dirishani nikaambiwa, punguza chumvi, punguza mafuta, kula samaki. Nikauliza samaki gani, na wa kupikwa vipi. Jina la anayefuata lilikuwa limeshaitwa. Mashine inakosea, lakini kila ikimaliza kukosea inaniuliza kama nina swali jingine. Pale dirishani hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, na miaka yote hii nalipa.

Kuhusu beseni, mashine ilinishauri nigawe vibua kwenye vifuko na kuvigandisha. Usiku huo umeme ukakatika hadi asubuhi. Nusu ya beseni ilikuwa imeshaokolewa na mama wa pale pale Feri, aliyewatumbukiza kwenye karai la mafuta yanayochemka bila kuniuliza mpango wangu unasemaje. Nikawarudisha nyumbani kwa ndoo ya kuazima, wamekauka vizuri, watamu, wamepigwa marufuku na kila mstari wa jedwali.

Jumanne, Kisutu, niliuliza bei ya brokoli nikanunua bamia. Jumatano, Kariakoo, niliulizia kwinoa, nikaelekezwa duka la dawa za asili na kurudi na chupa ya kuongeza nguvu. Mbegu za chia wamezila kuku. Uji wa shayiri umekuwa gundi ya daftari za watoto.

Vibua wengine nimewagawa nyumba za jirani. Mama wa nyumba ya pili, ambaye naye ana presha, aliomba nimnakilie jedwali, nikamnakilia. Leo asubuhi ameleta bakuli na swali: hiyo oveni ya nyuzijoto 200, kwa mkaa ni sado ngapi?

Nimeiuliza mashine. Imesema ni swali zuri sana.