Namna ya Kulikwepa Jedwali la Kati na Kujihakikishia Kazi ya Kudumu

Umepata tenda ya mfumo wa shule binafsi ya sekondari. Mwanafunzi mmoja anasoma masomo mengi, na somo moja lina wanafunzi wengi. Wajuzi wa hifadhidata watakuambia hapo panataka jedwali la kati, lenye ufunguo wa mwanafunzi na ufunguo wa somo. Usiwasikilize. Hao ni watu wa kumaliza kazi na kuondoka. Wewe una kodi ya nyumba ya kulipa.

Anza kwa kuongeza safu moja kwenye jedwali la wanafunzi, uiite masomo, ndani yake upange namba na koma: 4,10,21. Edgar Codd wa IBM, aliyependekeza modeli ya mahusiano mwaka 1970, alitaka kila kisanduku kibebe thamani moja tu. Sawa, lakini Codd hakubanwa na mkuu wa shule anayetaka mfumo kabla shule hazijafunguliwa. Siku mwalimu wa taaluma akiomba orodha ya wanaosoma Kiarabu, ambacho ni somo namba 1, wewe andika LIKE '%1%'. Wa namba 10 watakuja, wa 11 watakuja, na wa 21 nao hawatabaki nyuma. Kiarabu chenye watoto sita kitafurika, na mwenye shule atachekelea mpaka siku ya kupanga madawati.

Wapo wanaopendelea safu saba, somo1 hadi somo7. Mwanafunzi akija na somo la nane, mshauri aache moja.

Ikiwa aibu itakushika na ukalitengeneza jedwali la kati, basi angalau litengeneze vibaya. Django inakupa ManyToManyField kwa mstari mmoja, na jedwali linazaliwa kimyakimya likiwa na zile funguo mbili. Tosheka hapo. Usijiulize alama na mwaka wa masomo vitakaa wapi. Alama si mali ya mwanafunzi peke yake wala ya somo peke yake. Ni ya mwanafunzi huyo ndani ya somo hilo, kwa hiyo kwao ni jedwali la kati. Wewe iweke kwa mwanafunzi, ili alama ya Fizikia iifute ya Hisabati. Ukija kuzinduka mfumo ukiwa umejaa data, ukajaribu kuchomeka through, ya kutaja modeli yako mwenyewe ya kati, kwenye uga uleule, Django itakataa waziwazi. Itabidi uhamishe data kwa hatua unazoziandika mwenyewe, na hatua hizo zina invoisi yake.

Hata ukiandika modeli ya kati kwa mkono wako, sharti la kuzuia marudio liache. Karani akibonyeza Hifadhi mara mbili kwa sababu intaneti inasuasua, mtoto asome Baiolojia mara mbili; kuna ubaya gani? Na ukitumia SQLite moja kwa moja, funguo za nje kwa kawaida hazikaguliwi mpaka uamuru PRAGMA foreign_keys = ON kila unapofungua muunganisho. Usiamuru. Somo litafutwa, na wanafunzi wataendelea kulisoma.

Sasa kito chenyewe: ripoti ya ada. Chukua wanafunzi, waunganishe na masomo yao, kisha na malipo yao, vyote kwa swali moja la SQL, halafu jumlisha. Mzazi kalipa 300,000 mara mbili, mwanawe ana masomo saba. Kila risiti itapangwa na kila somo, mistari itakuwa 14, na jumla itasomeka 4,200,000. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna wekundu kwenye skrini, ni mhasibu tu anayefuta miwani. Mwambie agawanye kwa saba. Kisha subiri afike kwa mwanafunzi wa masomo tisa. Nyaraka za Django zinaonya kabisa kuhusu kujumlisha vitu viwili namna hii kwa annotate, ila nani anasoma nyaraka?

Kama huna shida ya fedha, tengeneza modeli ya Usajili yenye mwanafunzi, somo, mwaka na alama. Weka sharti kwamba vile vitatu vya kwanza visijirudie kwa pamoja, na malipo uyajumlishe kwa swali lake peke yake. Ni kazi ya asubuhi moja, nayo hulipwa mara moja tu.