Kizimba cha Mbwa, Adabu ya Mwenye Mbwa

Mtu anayenunua kizimba cha mtoto wa mbwa huwa na imani moja ambayo mwenye duka hana haraka ya kuivunja: kwamba amenunua adabu. Analipa, anakibeba hadi nyumbani, anamsukumia mnyama ndani, anafunga komeo, kisha anaketi kwenye kochi kusubiri adabu ianze. Kinachoanza ni kelele. Ikifika saa saba usiku mtaa mzima unajua kwamba nyumba ile imepata mbwa, na jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye lazima aamke saa kumi kuwahi daladala, anajua hadi jina lake, maana limeshatajwa kwa kubembeleza, kwa kukaripia na mwishowe kwa sauti ya mtu anayeomba dua. Hoja yangu ni kwamba kizimba hakimfundishi mbwa jambo kubwa. Anayefundishwa ni mwenye mbwa: kuangalia saa, kutoka nje usiku wa manane, kuokota kandambili sakafuni. Visa vingi vya vizimba tunavyochekeana, ukivifuatilia kwa utulivu, vinaishia kwa binadamu aliyedhani mafunzo yanamhusu mwenzake.

Tuanze na kibofu, kwa kuwa ndicho chenye kauli ya mwisho. Watoto wa mbwa wakifikisha kama wiki 3 huanza kujikokota mbali na pale wanapolala ili wajisaidie, na tabia hiyo ya kutopenda kulalia uchafu wao ndiyo mtaji wote wa kizimba. Hakuna uchawi mwingine ndani ya zile nyaya. Mnyama anajizuia kadiri mwili wake unavyomruhusu, na mwili wake haumruhusu sana. Wafugaji wengi hukadiria kwa kuchukua miezi ya umri na kuongeza moja: mwenye miezi 2 apewe saa 3, mwenye miezi 3 saa 4, na hayo ni makadirio ya juu, kwa mbwa ambaye hajatoka kunywa maji sasa hivi wala hajashtuliwa na honi ya bodaboda. Sasa chukua mfanyakazi anayeishi Tegeta na ofisi yake iko Posta. Ametoka saa kumi na mbili asubuhi, na kwa foleni tunayoijua amerudi saa moja usiku. Hizo ni saa 13. Hakuna kizimba duniani, kiwe cha waya au cha dhahabu, kinachoweza kuzigeuza saa 13 kuwa 3. Mbwa atajisaidia ndani, atalala pale pale kwa kukosa pa kwenda, na akishazoea kulala palipolowa, ule mtaji umeliwa wote. Jioni bwana mkubwa anafungua mlango, anaziba pua, na kutangaza kwamba amepewa mbwa mjinga.

Mwenye kudhani kwamba ukali utamsaidia mbwa kujizuia zaidi akumbuke habari za Laika, mbwa aliyeokotwa mitaani Moscow na kurushwa angani tarehe 3 Novemba 1957. Kabla ya safari, yeye na wenzake walizoezwa katika vizimba vilivyozidi kupunguzwa ukubwa, kwa vipindi vilivyofika siku 20. Kweli waliacha kwenda haja, lakini kwa sababu miili ilikuwa imevurugika. Wakakosa utulivu, afya zikazorota. Nao walikuwa na wanasayansi wa dola nzima wakiwaandikia kila pumzi, na dola hiyo ilikuwa na mahali pa kuwapeleka. Wewe unakwenda Kariakoo.

Kosa la pili ni la ukubwa, na linatokana na malezi mema kabisa. Sisi ni watu wa kununua sare ya shule iliyozidi kipimo ili mtoto aikulie, kwa hiyo mbwa naye ananunuliwa kizimba cha ukubwani. German Shepherd dume akikomaa husimama sentimita 60 hadi 65 begani, na kizimba cha urefu wa sentimita 107 au zaidi ndicho kitakachomfaa siku hiyo. Lakini leo ana miezi 2, na humo ndani anapata chumba, sebule na choo. Anakojoa kona ya mbali, anarudi kona ya karibu, anajikunja na kulala usingizi mwanana, huku mwenyewe akishangaa kwa nini kanuni ya kutochafua malazi haifanyi kazi. Inafanya kazi vizuri sana: malazi ni makavu. Kipimo sahihi ni kile kinachomruhusu asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, na alale amenyoosha miguu, basi. Vizimba vingi vya waya huja na ukuta wa kuchomeka katikati ambao husogezwa kadiri anavyokua. Ukuta huo ndio kitu cha kwanza kutupwa pamoja na boksi, kwa kudhaniwa ni kipande cha ziada kilichowekwa kiwandani kwa bahati mbaya.

Hata hivyo wengi wetu hatununui cha dukani. Tunakwenda kwa fundi wa kuchomelea, na hapo ndipo mambo yanaponoga. Fundi huyu maisha yake yote anatengeneza mageti na madirisha ya kuzuia wezi. Ukimtajia kizimba, akilini mwake kinabaki kitendo kimoja tu, kuzuia. Baada ya wiki mbili za kuambiwa “kesho, bosi”, unakabidhiwa kitu cha bomba za mraba na nondo, kinachohitaji watu wanne na guta, chenye sehemu mbili za kufuli, kwa ajili ya mkaazi wa kilo 5. Mwizi haingii humo hata kwa msumeno. Ila nafasi kati ya nondo na nondo imeachwa ya kidirisha, na kichwa cha mtoto wa mbwa kinapenya vizuri kabisa. Kurudi ndiko kuna masikio. Kwa hiyo kabla ya kulipa salio, chuchumaa pale karakana, ingiza mkono ndani na upapase kila kona. Utakutana na vidonge vya chuma vilivyoruka wakati wa kuchomelea vikagandia kwenye maungio, vikali vya kuchana kiganja. Mwambie avisage kwa grainda wewe ukiwapo. Uliza rangi imepakwa lini, kwa kuwa rangi ya mafuta inataka siku kadhaa za kukauka na mnunuliwa wako huramba kila kilicho mbele yake. Tazama sakafu: kama ni nondo tupu, nyayo zake zitatumbukia, hivyo itake trei ya kuvutika au ubao uliofunikwa zulia la plastiki. Na kufuli usiweke. Atakayehangaika nalo saa nane usiku, umeme umekatika na ufunguo uko kwenye suruali iliyolowekwa, ni wewe, na mbwa atakuwa anakojoa huku anakutazama usoni.

Kuhusu aina nyingine sina mengi. Cha plastiki, kile cha kusafirishia kwa ndege, kina giza zuri na utulivu, lakini Dar es Salaam ya Januari au Mombasa ya Februari kinageuka joko. Mbwa hujipoza hasa kwa kuhema, na hewa isiyotembea haimpozi. Cha kitambaa kinapendeza kwenye picha. Mbwa mdogo ana meno 28 ya utotoni, ya kuchoma kama sindano, na tangu miezi 3 au 4 huanza kuyabadilisha kuwa 42 ya ukubwani huku fizi zikimuwasha. Cha kitambaa ni chakula chake.

Sasa wapo wanaosema kizimba ni jela, na hawa hawasemi ovyo. Nchini Uswidi sheria za ustawi wa wanyama haziruhusu mbwa kufugwa kizimbani nyumbani kama mtindo wa maisha. Kizimba ni cha safari, maonyesho na dharura za namna hiyo. Ufini nao wana masharti ya kufanana. Nakubaliana nao zaidi ya nusu. Ila tuangalie sheria hizo zinamshika nani. Uswidi hiyo hiyo inataka mbwa atolewe nje angalau kila baada ya saa 6 mchana, na watoto mara nyingi zaidi. Yaani wamekipiga marufuku kizimba na ratiba wakambakishia binadamu. Kwetu tunaiga lililo rahisi: tunakilaani kizimba cha sebuleni kwa huruma kubwa, ilhali nyuma ya nyumba pana banda la mabati ambamo mbwa wa ulinzi amefungiwa tangu alfajiri hadi giza, ukutani pameandikwa MBWA MKALI, na hakuna aliyejiuliza ukali huo umetoka wapi. Kizimba cha mtoto wa mbwa, kikitumiwa vizuri, kina mwisho: miezi michache, kisha mlango unabaki wazi na mwenyewe anaingia akitaka. Banda la mabati halina mwisho unaojulikana.

Pingamizi lingine nalipenda zaidi kwa kuwa lina mantiki ya wazee: mbona mbwa wa babu zetu hawakuwa na vizimba, na hawakukojolea kochi la mtu? Mtaalamu wa tabia za mbwa Raymond Coppinger pamoja na mkewe Lorna waliandika mwaka 2001 kuhusu mbwa wa kisiwani Pemba, wanaoishi kando ya watu, wakila mabaki, bila mnyororo wala bwana wa kueleweka. Mbwa hao wanaishi vizuri bila chumba chochote, na ushahidi huo unabomoa kauli inayopendwa na wauzaji, eti kila mbwa kwa asili yake anatamani pango. Hata mbwamwitu hutumia pango kwa ajili ya kuzaa na kunyonyesha. Watoto wakipata miguu, familia huhama. Kwa hiyo hapo wazee wameshinda. Lakini mbwa wa Pemba hana zulia la kukaripiwa juu yake. Choo chake ni kisiwa. Ukimchukua mnyama wa namna hiyo ukamweka Kilimani ghorofa ya nne, penye vigae vyeupe, chaja ya simu iliyoning’inia na mkataba wa pango unaokataza wanyama kwa herufi ndogo, umemtungia tatizo ambalo asili haikumwandalia jibu. Kizimba ni kiraka cha tatizo ulilotunga wewe, na ni haki usumbuke kukishona.

Zipo pia nyumba ambamo mbwa haingii kabisa, na si kwa ubaguzi. Kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani yetu, chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na hakuna mama atakayekubali hesabu hiyo jikoni kwake kila siku. Kizimba kikae kibarazani au stoo, penye kivuli na upepo, mbwa abaki mlinzi kama ilivyokusudiwa. Sharti ni moja: mtoto aliyetenganishwa juzi na mama yake na nduguze sita asiachwe peke yake gizani usiku wa kwanza, kwa hiyo kijana mmoja wa nyumba atandike mkeka karibu naye. Mara nyingine tena, ratiba inamwangukia binadamu.

Na ile kelele? Wataalamu wa barazani wana jibu moja, “mwache alie, atazoea”. Wapo pia wa jibu la pili, wanaofungua mlango kila akikohoa. Wa kwanza wanamwacha mnyama aliyebanwa na haja alie hadi achafue. Wa pili wanamfundisha kwamba sauti ndiyo ufunguo, na mbwa husoma haraka kuliko wao. Njia ya kati haina raha. Siku za mwanzo mlango ubaki wazi, chakula kiliwe humo, kanga chakavu itandikwe, na kufunga kuanze kwa dakika chache huku umekaa hapo hapo. Ukanda wa shingoni uvuliwe usije ukanasa kwenye waya. Usiku kizimba kiwe karibu na anayelala. Akilia baada ya saa tatu, atolewe nje, ajisaidie, arudishwe bila mazungumzo, bila nyimbo na bila kupigwa picha. Asiingizwe humo kwa adhabu hata siku moja, maana hutamwingiza tena kwa hiari. Soma upya maelekezo haya uhesabu vitendo vya mbwa: kula, kulala, kukojoa. Vingine vyote ni vyako.

Basi kabla hujakwenda dukani au kwa fundi, kaa na familia muulizane nani yuko nyumbani saa nne asubuhi, saa saba na saa kumi, siku ya Jumanne ya kawaida. Jina likipatikana, nunueni kizimba, cha kati, chenye ukuta wa kusogeza. Lisipopatikana, fedha hiyo mpeni kijana mwaminifu wa jirani aje kumtoa mbwa kwa saa hizo, au mtafute mbwa mzima aliyekwisha kukomaa na kuzoea kutoka nje. Wapo wengi, na hawalii usiku.