Sultani Kapanda Masingini

Unguja haina mlima. Nalisema hili mapema ili mtu wa Masingini anayesoma apate nafasi ya kukasirika kabla hatujafika mbali. Mahali pa juu kabisa kisiwani kwetu hapafiki mita 130 kutoka usawa wa bahari, na heshima hiyo tumezoea kuipa Masingini, ule mgongo wenye msitu unaouona mkono wa kulia ukitoka mjini kwenda Bububu. Kilimanjaro ina mita 5,895. Ili uifikie itakubidi upange Masingini zaidi ya 40, moja juu ya nyingine, na hata hapo theluji utakuwa hujaipata. Lakini pale Jaws Corner, kwenye baraza la kahawa la Mji Mkongwe, niliwahi kumsikia mzee mmoja akishikilia kwamba Masingini ni mlima kamili, na ushahidi wake ni kuwa baskeli yake ya Phoenix ilishindwa kuupanda. Wazee wakaipima hoja, wakaikubali, kahawa ikaendelea.

Mimi na milima hatukuwa na ugomvi, maana hatukuwa tukionana. Aliyetukutanisha ni mtoto wa dada yangu, kijana aliyekulia Bergen, kule Norway, ambaye huja likizo mwezi wa Julai na viatu vyenye soli kama tairi la trekta. Bergen, kwa maelezo yake, imezungukwa na milima saba, na mrefu wao, Ulriken, una mita 643. Siku za baridi watu wa huko huamka Jumapili kwa hiari yao, bila kufukuzwa na mtu, wakaupanda mlima huo kwenye theluji pamoja na mbwa wao, wakasimama juu kulitazama ziwa la Svartediket lililo chini yake, wakala chungwa, wakashuka. Nikamuuliza huko juu kuna nini. Akasema hakuna kitu. Nikamuuliza kama kuna jamaa mgonjwa anayekwenda kuangaliwa. Hakuna.

"Mjomba, ni kutembea tu."

"Kutembea tunakujua, mwanangu. Mtu hutoka hapa akaenda Forodhani, akanywa urojo, akarudi."

Haikusaidia. Kijana alitaka siku yake ya baridi, mlima, mbwa na maji ya kutazama, na aliitaka papa hapa Unguja. Na kusema kweli, ukiacha mambo ya vipimo, vyote tunavyo. Baridi tunayo: Julai ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma, alfajiri joto hushuka mpaka nyuzi 22 na pengine chini ya hapo, na mji mzima huingia ndani ya makoti. Waendesha bodaboda hujifunga mataulo shingoni, na barazani wazee hukohoa kwa zamu. Siku hiyo yeye alitoka na kaptura. Mimi nilitoka na koti langu la mitumba, jekundu, zito, lenye mifuko mahali ambapo binadamu hana mikono. Tulipofika mlangoni akaishika zipu ya koti. Palikuwa na kikaratasi kigumu kilichofungwa kwa uzi wa plastiki, ambacho miaka yote nimekitunza nikifua kwa sababu kinalipa koti hadhi. Akakisoma. Ilikuwa tiketi ya lifti ya kuwapandisha watu mlimani ili wateremke kwa kuteleza kwenye theluji, huko Voss, si mbali na kwao. Koti langu limeshapanda milima mingi kuliko ukoo wetu wote.

Ikabaki habari ya mbwa.

Kwa msomaji wa mbali, niseme kidogo. Sisi wa Unguja wengi wetu ni Shafi, na kwa Shafi mbwa ni najisi nzito: akikugusa na baina yenu pana majimaji, yawe mate au manyoya mabichi, hapo pahala huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Kikavu kwa kikavu hakina neno. Mpwa wangu, ambaye elimu yake huitoa kwenye simu, alinijulisha kwamba Imam Malik hana tatizo na mbwa. Nikamwambia Imam Malik hakai nyumba moja na mke wangu.

Si kwamba mbwa hatuwajui. Huko kusini, Makunduchi na vijiji vya jirani, wasasi wana mbwa wao wa kuwindia nguruwe mwitu tangu enzi za mababu, na wanawathamini hasa. Lakini mbwa wa msasi anaijua kazi yake na anajua aishie wapi. Huyu tuliyempata sisi alikuwa mbwa wa Shangani. Mwenyewe ni bibi wa Kizungu mwenye nyumba ya wageni, mtu mwema sana, na nusura alie kwa furaha aliposikia mnyama wake anapelekwa matembezi. Alikuwa mbwa mkubwa, mnene, ambaye umri wake wote aliumaliza baina ya feni na friji. Jina lake Sultani.

Tukaondoka alfajiri, kwa sababu mlima, ati, hupandwa asubuhi. Sasa Mji Mkongwe una misikiti zaidi ya 40. Huwezi kutoka Shangani mpaka Darajani usipite mlangoni pa msikiti, na alfajiri ndiyo saa ambayo misikiti hutoa watu. Kichochoro chenyewe, watu wawili hupishana kwa kuelewana. Mbele yetu waumini wanatoka, miguu bado mibichi kwa udhu, kanzu zimepigwa pasi. Nyuma yetu mama na sinia la vitumbua. Katikati Sultani, ambaye alikuwa hajapata kuona watu wengi namna ile na alidhani wamekuja kwa ajili yake. Sijaona safu ikipangika upesi kama siku ile. Migongo ukutani, kanzu juu ya magoti, pumzi zimezuiwa. Mzee mmoja wa haja alijibana kwenye mlango wa nakshi mpaka njumu za shaba zikamwingia mgongoni.

"Nani huyu?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Shikamoo babu," akajibu mpwa wangu kwa adabu zote. "Ni Sultani."

Mzee akafikiri kidogo. "Basi mpisheni Sultani."

Kwenye daladala za 502 hatukufika hata kwenye mazungumzo. Utingo alituona kwa mbali, akapiga bodi, gari ikaondoka na nusu ya abiria. Tukakodi kirikuu. Mwenyewe alitaka nauli ya watu watatu pamoja na gharama ya kuosha gari mara saba. Nikamuuliza udongo nani atatoa. Akasema udongo atajitegemea.

Tulipopita Mtoni nilimwonyesha kijana magofu ya kasri la Seyyid Said, alikozaliwa Sayyida Salme mwaka 1844, yule aliyeishia Ujerumani akaandika kumbukumbu zake. Akatikisa kichwa kwa huruma. Anaijua baridi ya Hamburg.

Msituni tulipokewa na mlinzi, mtu mzima mwenye panga na subira. Akamtazama Sultani, akatutazama sisi, akaliangalia koti langu kwa muda mrefu zaidi.

"Mnakwenda kuwinda?"

"Tunakwenda kutembea."

"Na mbwa?"

"Na mbwa."

"Kutembea kwendea nini?"

Nilitamani kumkumbatia. Kisha akatupa onyo. Katika msitu ule kuna kima punju, ukoo wa wale wa Jozani, waliohamishiwa pale zamani. Watu wa shamba husema kima huyu ana sumu, na kwamba mbwa akimla hunyonyoka manyoya yote. Nikamwangalia Sultani, ambaye alikuwa ameshalala chini kwa uchovu wa kushuka kwenye gari. Kima wa kukamatwa naye ilibidi awe ameshakufa kwa sababu nyingine. Hata hivyo nikaipata picha ya mimi kumrudishia yule bibi mbwa wake akiwa kipara, na nikasema kamba ishikwe kwa mikono miwili.

Kupanda kwenyewe hakuna cha kueleza. Njia ni nzuri, miti inapendeza, ndege wanapiga kelele zao. Katikati ya njia Sultani alikaa kitako akaeleza kwa macho kwamba amefika. Mpwa wangu akambembeleza kwa Kinorwe, nikambembeleza kwa Kiswahili kwa umbali wa hatua kumi, na mwishowe kijana akambeba kifuani mpaka juu, jambo ambalo nadhani huko Ulriken hufanywa kinyume.

Juu, miti ilipoachana, tukaona mji: mabati ya Ng'ambo, minara, kisha bahari, na Changuu na Chapwani na Bawe zimekaa mahali pake, na boti ya Dar inapigwa na mawimbi ya kusi kiasi cha kuwahurumia waliomo. Kijana akapumua kwa raha. Akasema kila kitu kipo, ila ziwa.

Hapo nilipata nafasi yangu. Nikamwambia ziwa amelikanyaga. Mvua ya msitu huu hunywewa na ardhi, ikazama kwenye mawe ya matumbawe, ikatokea huko chini kwenye chemchemi. Na Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, aliyavuta maji ya chemchemi za upande huu kwa mfereji mpaka mjini watu wakanywa. Si hata Svartediket ni maji ya kunywa ya watu wa Bergen? "Tena letu ni bora," nikamalizia, "maana liko chini ya ardhi, haliwezi kumlowesha mbwa."

Ikashuka mvua ya mchoo.

Mchoo ni mvua ya kipupwe, nyepesi, huja na jua lake na huondoka bila kuaga. Haiwezi kuharibu nguo. Lakini fiqhi yangu yote ya siku ile ilikuwa imesimama juu ya mbwa mkavu. Nikatafuta mti. Mpwa wangu, badala ya kutafuta mti, alilivuta koti langu nililoliweka juu ya jiwe, akamvisha Sultani, akafunga zipu. Na Sultani, alipoona anahudumiwa, akaingiza pua ndani ya kapu la ukili alilonipa mke wangu, ambamo mlikuwa na katlesi. Akala katlesi zote. Kisha akalilamba kapu, nje na ndani, kwa uangalifu ambao sijauona kwa mtumishi yeyote wa nyumbani.

Bado nalitazama kapu, akapita kuku.

Mbwa aliyebebwa kupanda akateremka peke yake. Alishuka ule mgongo na koti jekundu la Voss, mikono ya koti inapepea, kofia imemfunika sikio moja, akaingia kijijini upande wa Bububu, na nyuma yake kijana wa watu na kaptura yake anapiga kelele: "Sultani! Sultani, rudi! Rudi nyumbani, Sultani!"

Chini ya mwembe alikaa mzee anamenya muhogo. Hakuinua kichwa.

"Harudi huyo, wanangu," akasema. "Kaondoka tangu sitini na nne."

Kisha akainua kichwa, akaliona koti jekundu linakata kona kwenye banda la mbuzi.

"Ala! Kumbe karudi."

Tulimpata nyuma ya nyumba ya mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki. Kuku alikuwa juu ya paa, mzima, anasimulia. Sultani alikuwa amelowa chapa chapa. Koti limemvuka begani, na aliponiona mimi, sijui kwa nini mimi, akaja mbio, akasimama mbele yangu, akajikung'uta kuanzia puani mpaka mkiani.

Mji Mkongwe hauhitaji simu. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameshasimama juu ya ngazi na habari zote, pamoja na zile za koti. Hakupaza sauti. Alisema, "Mara saba, na udongo," akaingia ndani akafunga mlango.

Maji yapo, shukrani kwa Seyyid Barghash na waliomfuatia. Lakini hebu msomaji, tafuta udongo Mji Mkongwe. Kuta ni mawe na chokaa, vichochoro vimesakafiwa, ua wetu una saruji tangu enzi za babu. Siku nzima nimekanyaga udongo mwekundu wa kutosha kutoharisha wilaya, na sasa nimesimama na ndoo sina hata kiganja kimoja. Hoteli ya jirani ina vyungu vya maua. Meneja alisikiliza maelezo yangu mpaka mwisho, akaniuliza kama nina chumba pale. Bustani ya Forodhani ina askari, na askari hakupenda namna nilivyochuchumaa.

Aliyetuokoa ni kijana mwenyewe. Alivua vile viatu vyake akavigeuza, na kwenye mifereji ya soli mlikuwa na Masingini yenyewe, imekandika. Tukaikwangua kwa kijiko kwenye sahani. Mke wangu alishuka akaikagua, akauliza kama mbwa alikanyaga hapo hapo, akaambiwa mbwa alibebwa, na kwa mara ya kwanza siku ile uvivu wa Sultani ukatufaa. Mimi nikatohara, na koti pia. Kapu la ukili lina mabishano yake, kwa sababu hakuna anayejua ukili wa kusukwa huoshwa vipi mpaka ndani ya misuko, na mpaka leo liko darini.

Kijana amerudi Bergen, na yule bibi wa Shangani kila akiniona huuliza Sultani atatoka lini tena. Wewe ukitaka kwenda, Masingini ipo pale pale, njia ya Bububu. Nenda Januari au Februari, wakati wa kaskazi, kukiwa kukavu, na mbwa muache kwake. Ukishindwa kabisa kumuacha, chota udongo wako huko huko juu kabla hujashuka, maana mjini huupati.